Wimbo wa Sebule ya Wageni

Kwa maneno ya Motjie Faldela, jirani wa ukuta kwa ukuta, mambo yalikuwa hivi. Jumatatu baada ya adhuhuri yeye yuko jikoni kwake, anakaanga vitunguu huku akimsema mumewe, kama ilivyo haki ya kila mwanamke aliyeolewa miaka thelathini na moja. Mara akahisi kivuli dirishani. Kugeuka, nani? Boeta Toyer Majiet, mtunzi wa nyimbo, mzee wa miaka sabini na mitatu, hajji mzima, kasimama katikati ya kamba zake za nguo kama mwizi wa mashuka, sikio kaliinamishia dirisha, penseli mkononi, anaandika. Akakaa hapo muda wa sufuria ya wali kuiva. Na kila neno alilomwambia mumewe, kuhusu kukalia kochi zuri na suruali ya kazini, Boeta Toyer akalizoa akaenda kulitia kwenye moppie, wimbo wa kuchekesha wa kwaya.

"Mimi si mjinga," ndivyo Motjie Faldela alivyomalizia kila mara. "Nimo kwenye moppie yao kuanzia nywele hadi kandambili. Jumamosi ukumbi mzima utanicheka."

Kulsum, mjukuu wa Boeta Toyer, alikuwa ameisikia hadithi hii mara nne ndani ya siku tatu. Buchani ilikuwa na penseli. Dukani kwenye kona ikawa na daftari. Kwenye darasa la Kurani la akina mama ikaota miwani, na babu yake hajawahi kuwa na miwani. Mara ya nne aliisikia kwa mwenyewe, juu ya ukuta, na humo Boeta Toyer alikuwa anacheka peke yake.

Ukweli ulikuwa mfupi, tena hauna ladha. Upepo wa Januari, ule wa kusini-mashariki usiomwachia mtu hata kofia, ulinyofoa fulana ya babu kwenye kamba ukaitupa upande wa pili wa ukuta. Kulsum ndiye aliyemtuma akaichukue, maana mikono yake mwenyewe ilikuwa kwenye unga. Babu alipita getini kwa Faldela, akaiona fulana chini, akainama, goti likamkatalia. Akabaki vile vile, nusu kasimama nusu karukuu, akingoja goti limalize hasira zake. Alichoshika mkononi kilikuwa kibanio cha nguo. Tena Boeta Toyer hajaandika neno kwa mkono wake tangu macho yalipoanza kumpungukia. Anayeandika ni Kulsum.

"Basi mwambie, Babu," Kulsum alisema Jumatano hiyo. "Mwambie ulifuata fulana."

"Mtu anaamini ameibiwa maneno ya dhahabu, nikamwambie nilifuata fulana yenye tundu kwapani? Huo ni ukatili, mjukuu wangu."

"Ukatili ni huu ninaofanyiwa mimi."

"Nipe chai," alisema babu.

Angekuwa jirani tu, Kulsum angemwacha aseme mpaka koo likauke. Lakini Motjie Faldela alikuwa mama yake Riedwaan. Na Jumapili hiyo, saa tisa alasiri, mama huyo na dada zake watatu walikuwa waje na masinia yao ya peremende na kitambaa kumposa Kulsum rasmi, baada ya miaka miwili ya Riedwaan kusema mama hajawa tayari. Sasa mama alikuwa tayari, karatasi za kufungia masinia zimeshanunuliwa, ndipo ikaja fulana.

Jioni ya Jumatano, jua likiwa bado juu ya mapaa, Motjie Faldela alitoka kuanua nguo akaanza kuzungumza na kamba, bila kutaja jina la mtu.

"Wimbo ule ukiimbwa Jumamosi, Jumapili kila mtu akae kwao. Mimi sipeleki sinia kwenye nyumba iliyonifanya kichekesho."

Kamba haikumjibu. Kulsum alikuwa upande wa pili na beseni la viazi, akaendelea kumenya. Riedwaan alikuja baadaye kidogo, mikono bado na saruji ya vigae, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama ni mama, Kulsum. Unamjua."

"Najua ni mama. Nilidhani na wewe ni mtu."

Akacheka kidogo, akaangalia viatu vyake, akaenda zake. Kulsum alimpenda, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Mtu asiyemjua Boeta Toyer angedhani ni rahisi: wimbo mmoja si ubadilishwe? Lakini mzee huyu miaka arobaini alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha suti kule Salt River, na katika mvuke ule alitunga nyimbo ambazo watu wanaimba kwenye harusi bila kujua zimetoka kwa nani. Mashine ikipumua, naye anatia neno. Alipostaafu akatungia jikoni, akitembea kutoka jiko hadi sinki na kurudi, akiimba vipande vya nyimbo za zamani alivyovishona pamoja, na Kulsum mezani na daftari la shule, mwandiko wake mkubwa wa darasa la saba, anaandika anafuta. "Futa hilo." "Rudisha." "Nilisema nini kabla ya hilo?" Kila mwaka Kulsum alijiapia hatashika penseli tena, na kila Novemba babu alianza kutembea.

Aliandika michezo ya kuigiza pia. Ule mkubwa ulihusu mtaa wao wa kule mjini, kabla serikali ya wakati ule haijawafukuza na kubomoa nyumba. Ulichezwa siku nne katika ukumbi wa jamii. Usiku wa kwanza mzee mmoja alimngoja Boeta Toyer mlangoni, kofia mkononi. Machozi? Hapana. Alikuja kulalamika kwamba kibanda chake cha kinyozi kimewekwa kushoto kwa duka la samaki, na kilikuwa kulia. Siku ya pili wakakihamisha kibanda. Siku ya tatu akaja binti wa mwenye duka la samaki. Watu wa huku hawaendi kutazama mchezo, wanakwenda kujitafuta, na wakijikuta wanagomba, na wasipojikuta wanagomba zaidi.

Ndiyo maana kuna sheria, haijaandikwa popote: mtunzi wa moppie hasemi kamwe amemwimba nani. Akisema, amesengenya. Asiposema, ni wimbo. Boeta Toyer aliishika sheria hiyo kama anavyoishika sala ya alfajiri, na watu walimheshimu kwa hilo, hata waliokuwa na uhakika kwamba ni wao.

Sheria nyingine ni ya siri, na hiyo hakuna anayeishika. Wimbo mpya hausikiwi na mtu mpaka siku ya mashindano, mwaka huu Jumamosi hiyo, kwaya nyingine zisije zikaukejeli kabla haujapanda jukwaani. Kwenye chumba cha mazoezi madirisha hufungwa joto lote la Januari, simu zinatiwa kwenye beseni mlangoni, wanaume ishirini na wanane wanaapa. Kisha kila mmoja anarudi nyumbani, anacheka ndani ya sahani ya mchuzi, mkewe anamuuliza unacheka nini. Wiki haikuisha mtaa ukawa unajua: ni mwanamke, ana sebule ya wageni, na makochi yake ameyavisha plastiki, hakuna ruhusa ya kukaa.

Sasa nani pale Heideveld hana sebule hiyo? Katika mtaa wao nyumba zisizo nayo ni tatu, na mojawapo imeungua. Mke wa mwalimu, milango mitatu mbele, alileta sahani ya koesista, maandazi ya sharubati, zilizonyunyiziwa nazi nyingi kuliko kawaida, akakaa jikoni nusu saa akisema, "Makochi yangu mimi nayapenda tu, Boeta, si kwamba nayaogopea," akimtazama mzee usoni. Babu alikula koesista mbili, akasema ni tamu. Mwanamke akabeba sahani yake akaenda. Lakini yeye alikaa kimya na tamaa yake ya kuimbwa. Motjie Faldela ndiye aliyetangulia kujitangaza.

Na Kulsum alijua si Faldela wala si mke wa mwalimu. Aliuandika yeye. Ulianza hivi:

Usikae hapo, usikae pale,
kochi lina nguo, plastiki ile ile;
mume wangu, jikoni kuna benchi lako,
sebule ni ya wageni, si ya mbavu zako.

Ukaendelea hivyo beti tano, kiitikio kikirukaruka, mwimbaji wa mbele akijifanya anataka kukaa na kwaya nzima ikimwinua kwa kidole. Kisha ukaja ubeti wa mwisho, wa mume mwenyewe, ambao babu aliuimba mara moja tu pale jikoni, bila kufuta neno:

Siku niliyokufa nikaambiwa karibu,
nikalazwa sebuleni bila ya taabu;
mke wangu akasema, huku akilia,
msogezeni kidogo, zulia linaumia.

Penseli ilisimama mkononi mwa Kulsum. Bibi yake, Mymoena, alifariki miaka sita nyuma. Ni kweli alilazwa sebuleni kwake, chumba ambamo mumewe hakuwa akiketi zaidi ya Idi mbili kwa mwaka. Wanaume walipoingia kumbeba, mmoja alisahau kuvua viatu. Na aliyesema, kwa sauti ndogo, sogeeni kidogo, zulia la Mymoena, alikuwa babu. Kulsum alikuwa kwenye kizingiti na alimwona. Katika wimbo mzee alikuwa amegeuza tu: kajiua mwenyewe, kamwacha mkewe hai amgombeze.

Alhamisi alijaribu tena. Babu alikuwa anakula mchuzi wa nyama na nyanya, kijiko kikienda taratibu.

"Babu, mwambie Motjie Faldela si yeye. Sikwambii umtaje Bibi. Sema si yeye, basi."

"Nikisema si Faldela, kesho mke wa mwalimu atauliza kama ni yeye. Nikisema si yeye, atakuja wa tatu. Nikiwamaliza mtaa mzima, atabaki nani?"

Kulsum akatazama mlango wa sebule.

"Umeona," alisema babu. "Yule niliyemficha ndiye atakayebaki peke yake katikati, watu wanamtazama."

"Amekufa, Babu. Mimi ndiye ninayeposwa."

"Kwani Riedwaan anaoa moppie?"

"Riedwaan anaoa anapoambiwa na mama yake aoe."

"Basi hilo ni tatizo lake kubwa kuliko wimbo wangu," alisema mzee, akapangusa sahani kwa mkate. "Kuna mchuzi tena?"

Kulsum alimpakulia. Alimpakulia mwingi, mpaka ukamwagikia mezani, na hakupangusa.

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, alivaa kitambaa chake kizuri akaenda nyumba ya pili. Motjie Faldela alimkaribisha jikoni, akamwekea chai na bajia, uso kaukaza kama mtu anayepokea polisi.

"Kama babu yako kakutuma kuomba radhi, aje mwenyewe."

"Hajanituma. Hajui nimekuja." Kulsum alishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa hajawahi kuvunja sheria ya mzee. "Motjie, wimbo si wako. Ni wa bibi yangu."

"Wa nani?"

"Wa Bibi Mymoena. Makochi ni yake, benchi ni la babu, lile lile pale jikoni kwetu. Mwishoni kuna zulia. Wewe sebuleni kwako huna zulia, una vigae, Riedwaan kakuwekea. Ile siku ya Jumatatu babu alifuata fulana. Goti lilimkatalia. Mkononi ni kibanio."

Motjie Faldela akatazama dirisha lake, kisha kamba zake za nguo, kama mtu anayepima. Kulsum akangoja aone uso ule ukilegea. Haukulegea.

"Mymoena," alisema mwishowe. "Mymoena alikuwa na makochi ya kahawia."

"Ndiyo, Motjie."

"Ya kahawia, ya zamani, yamebonyea. Kwa nini mtu amwimbie makochi ya kahawia?"

Motjie Faldela aliinuka akafunika sufuria ambayo ilikuwa imeshafunikwa.

"Nimewaambia buchani," alisema. "Nimemwambia dada yangu wa Mitchells Plain, naye anakuja na watoto wake wote, viti kumi na moja tumeshikiwa safu ya tatu. Nimemshonea binti yangu Shaheema nguo. Mume wangu wanamtania kazini, wanamwita Benchi, na anapenda, mjinga yule, hajawahi kuitwa kitu. Kesho wimbo unaimbwa, zulia linatajwa, kila aliyeingia kwangu anajua sina zulia. Nitakuwa nani mimi? Nitakuwa yule mwanamke aliyedhani ni yeye."

"Lakini si ulisema ukiimbwa hutakuja—"

"Nilisema ukiwa mimi." Alimgeukia. "Sasa unaniambia si mimi. Hilo ni baya zaidi."

Kulsum aliweka kikombe chini polepole, maana alihisi akikiweka haraka kitapasuka. Wiki nzima amelia kwa sababu mwanamke huyu yumo, sasa atalia kwa sababu hayumo.

"Unataka nini, Motjie?"

"Mimi? Sitaki kitu." Alikaa. Akala bajia. "Mapazia yangu ya njano," alisema. "Yale yenye masikio ya velveti juu. Heideveld nzima ni mimi tu ninayo. Si lazima jina. Mstari mmoja, pazia la njano, watu watajua. Wanaume wale wakishika wimbo mzima kwa wiki tatu watashindwa mstari mmoja kwenye basi la kwenda ukumbini?"

"Na Jumapili?"

"Babu yako anitie Jumamosi, mimi masinia nitayabeba kwa mikono yangu, kichwa juu, mtaa mzima wanione. Asiponitia, nitakuwa mgonjwa. Na mwanangu hatakwenda kuposa mama yake akiwa mgonjwa."

Kulsum alirudi nyumbani akamkuta babu ameshatoka msikitini, kalala. Jioni mzee alikwenda kwenye mazoezi ya mwisho na hakurudi mpaka Kulsum amepitiwa na usingizi. Hivyo ikawa Jumamosi.

Basi la kwaya lilikuwa lije saa nane. Saa nane kasoro dakika tano Boeta Toyer alikuwa amesimama jikoni kwa suti ya kwaya, nyeusi yenye ukosi wa kijani, tarabushi kichwani, akitembea kutoka jiko hadi sinki. Kulsum alishika tai ya kipepeo ambayo mzee hawezi kuifunga mwenyewe.

"Simama, Babu. Nina neno."

"Nasikia."

"Nilikwenda kwa Motjie Faldela jana. Nilimwambia ni wimbo wa nani."

Babu alisimama. Hakugomba. Kulsum angefurahi zaidi angegomba, maana kwa hasira zake alikuwa amejiandaa tangu jana. Alimtazama tu, na macho yale yasiyoona vizuri yalionekana kuona sawasawa.

"Ulimwambia na zulia?"

"Na zulia."

"Akasema nini?"

"Akasema makochi ya Bibi yalibonyea."

Mzee akatoa sauti ndogo puani. Inawezekana ilikuwa kicheko. "Yalibonyea kweli," alisema. "Na hakuna aliyekuwa akiyakalia. Sijui yalibonyezwa na nini."

Nje honi ikalia. Boeta Gakiem, mwenyekiti wa kwaya, aliita kutoka barabarani kwamba dereva hana subira na upepo unazidi.

"Babu, nisikilize. Anataka uingize pazia lake la njano. Mstari mmoja, ubeti wa pili au wa tatu, popote. Ukilitia, kesho wanakuja. Usipolitia, hawaji, na sijui kama watakuja siku nyingine. Nimefikiri usiku kucha, nimeuandika." Akatoa karatasi mfukoni mwa aproni. "Pazia la njano limefungwa shingo, jua likitaka kuingia liombe kwa lugha ya bingo. Si mzuri sana. Wewe utautengeneza."

"Bingo," alisema babu.

"Nilikosa neno."

"Ukitia pazia la njano humo, si Mymoena tena. Kuanzia hapo mpaka mwisho ni Faldela. Hata zulia litakuwa la Faldela."

"Najua."

"Unajua, na bado unaomba."

"Naomba," alisema Kulsum. "Kila mwaka nimekuandikia, Babu. Futa, nimefuta. Rudisha, nimerudisha. Sijawahi kukuomba hata herufi."

Honi ililia tena, ndefu. Juu ya ukuta, upande wa pili, sauti ya Motjie Faldela ilikuwa ikiwaita dada zake waharakishe, wasije wakakosa nafasi ya kuegesha gari, na sauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko inavyohitajika kwa watu walio jikoni kwake.

Kulsum alimsogelea babu yake, tai mkono mmoja, karatasi mkono wa pili.

"Mstari mmoja, Babu. Utautia?"

Boeta Toyer alichukua karatasi, akaikunja mara mbili bila kuitazama, akaishika kiganjani. Kisha akainua kidevu ili Kulsum amfunge tai.